Naomba kuusahihisha uongo wangu wa Kwihara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua, niusahihishe uongo niliowahi kuwaambia wageni kule Kwihara, karibu na mji wetu wa Tabora. Wiki tatu zilizopita msomaji mmoja aliandika hapa kwamba Tabora haina cha kumwonyesha mgeni zaidi ya miembe na asali, na kwamba kijana anayetaka kuwa mwongoza watalii afungashe ahamie Arusha. Barua ile nimeisoma mara mbili, kibarazani kwangu hapa Ng'ambo. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikajiona mimi mwenyewe ndani yake, ndipo nikatafuta kalamu.

Mimi ni stesheni masta mstaafu. Nimepokea treni na kuziruhusu katika reli yetu ya kati mpaka nywele zikawa nyeupe, na miaka ya mwisho nilikuwa hapa Tabora, njia panda ya Mwanza na Kigoma. Mwaka jana, mwezi wa kwanza, mdogo wangu alikwenda Delhi, India, kutibiwa moyo. Shemeji alikwenda kumuuguza, nami nikaenda kama mkubwa wa familia, ingawa kazi yangu kubwa kule ilikuwa kukaa kwenye benchi nimeshika bahasha za vipimo. Alhamdulillahi, upasuaji ulikwenda salama. Daktari akasema tusubiri wiki mbili ndipo amwangalie tena. Mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia aliniona ninavyoshinda dirishani nikihesabu treni za mjini, akanionea huruma, akanitafutia kiti katika basi dogo la watalii: siku saba, Delhi, Agra, Jaipur na vijiji vya njiani. Nilisita. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, nenda. Ukibaki hapa utaniuguza mpaka niugue upya."

Basi nikaenda. Tulikuwa watu kumi na mmoja: Wazungu sita, familia ya watu wanne wenye asili ya Kihindi kutoka Durban, na Mnyamwezi mmoja mwenye koti la sufu la kuazima.

Delhi sitaieleza sana, ina watu wengi wa kuieleza. Tuliuona mnara wa Qutb, mita 73, ambao ulianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 12. Tulipanda guta za abiria, baiskeli za magurudumu matatu, tukapita Chandni Chowk, soko lililopangwa mwaka 1650 na Jahanara, binti wa mfalme Shah Jahan. Pembeni yake wanauza viungo kwa magunia, na hewa ya pilipili pale ilinipigisha chafya mpaka miwani ikaanguka. Lakini kilichotalii zaidi siku ile ni masikio yangu. Nasikia mtu anaita gari, anaita rangi, anasema bima, dobi, laki. Treni wanaiita relgari! Nikamgeukia mwongoza wetu nikamwambia haya maneno ni yetu. Akacheka, akasema labda ni ya majahazi.

Mwongoza huyo ndiye hasa ninayetaka kumzungumzia. Alikuwa mtu wa Jaipur, umri wa miaka arobaini hivi, na kila aliyemwita alimalizia jina lake kwa "ji", kijineno chao cha heshima, kama sisi tunavyotanguliza Mzee au Mwalimu. Alikuwa na kidaftari cha jalada jekundu. Akisimulia jambo lenye maandishi, alikigonga kile kidaftari kwa kidole. Akisimulia la kusikia tu, alipepea mkono kama mtu anayefukuza nzi. Siku ya kwanza nilidhani ni mazoea yake tu. Siku ya pili, kule Agra, nikaelewa.

Tulifika Taj Mahal, kaburi ambalo Shah Jahan alimjengea mkewe Mumtaz Mahal, alfajiri, siku ya Jumamosi kwa kuwa Ijumaa hufungwa. Tiketi ya mgeni ilikuwa rupia 1,100, ya mwenyeji 50, na sura yangu haikuacha shaka nilipe ipi. Kulikuwa na ukungu wa Januari, ule unaochelewesha treni zote za kaskazini (usiku uliopita niliwasikia wenzangu wa stesheni ya pale wakitangaza kuchelewa kwa saa nne, nikawaonea huruma kama ndugu). Tukafika getini, tukachungulia mbele: hakuna kitu. Nyeupe tupu. Mzungu mmoja akauliza kama tumekosea njia.

Tukasimama tusubiri, na wakati tunasubiri mimi nikainua macho kulitazama geti lenyewe. Ni geti kubwa la mawe mekundu, na limezungushiwa maandishi ya Kiarabu, marumaru nyeusi ndani ya nyeupe. Nikaanza kufuatisha kwa macho, halafu midomo ikafuata yenyewe. Suratul Fajr! Sura niliyoikariri chuoni nikiwa na miaka tisa, kwa fimbo ya maalimu, Mungu amrehemu. Mwongoza wetu, ambaye ni Mhindu, akaniona ninavyotikisa midomo, akaniomba niwasomee wenzetu kwa sauti. Nikasoma hadi mwisho, pale nafsi iliyotulia inapoitwa irudi kwa Mola wake. Wale wa Durban nao ni Wahindu, lakini yule mama alijifunika kichwa. Kisha mwongoza akatuonyesha ujanja wa mwandishi wake, Amanat Khan: herufi za juu amezikuza kuliko za chini, ili aliye chini azione zote sawa. Nilikuwa nimeisoma sura nzima bila kugundua.

Ukungu ulipopanda, jengo likatokea kwa vipande, kwanza kuba, halafu minara. Hapo akagonga kidaftari. Mumtaz Mahal alifariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wake wa 14. Kazi ilianza mwaka uliofuata. Marumaru zilitoka Makrana, Rajasthan. Inakadiriwa watu 20,000 walifanya kazi pale. Ndani akawasha tochi ndogo akaibandika ukutani kwenye ua lililochongwa na kujazwa vito. Jani la jiwe la akiki likawaka jekundu kama kaa la moto, na ua la pembeni yake likabaki kimya.

Halafu Mzungu mmoja akasema, "Na baadaye mfalme akawakata mikono mafundi ili wasijenge jingine." Alikuwa anajua hadithi hiyo tangu kwao, na alitaka mwongoza aikuze. Yule bwana akapepea mkono. Akasema hadithi hiyo inapendwa sana, wageni humwongezea bahshishi akiisimulia, lakini hakuna maandishi ya zama zile yanayosema hivyo. Na hadithi kwamba mfalme alitaka kujijengea Taj nyeusi ng'ambo ya mto Yamuna je? Akapepea tena. Ilitoka kwa msafiri Mfaransa, Tavernier. Wachimbaji wa mambo ya kale walipochimba bustani ya ng'ambo hawakukuta msingi wa kaburi lolote, na mawe yaliyodhaniwa meusi yalikuwa meupe yaliyochafuka. "Lililoandikwa linatosha," akasema, akatuonyesha upande mwingine ile ngome ya Agra, ambako Shah Jahan alifungiwa na mwanawe Aurangzeb mwaka 1658, akafia humo mwaka 1666. Sasa amelazwa karibu na mkewe, na kaburi lake ndicho kitu pekee mle ndani kisicho na pacha upande wa pili.

Yule Mzungu alinuna. Mimi nilihisi joto masikioni, na sababu yake nitaifikia.

(Kwa wanaokwenda: usinunue kijisanduku cha marumaru kwa mchuuzi wa barabarani. Nilichonunua nikikwepa macho ya mwongoza kiligeuka kuwa jiwe laini. Mke wangu alikisugua kwa steelwire na maua yote yakaondoka.)

Njia ya kwenda Jaipur ilikuwa mashamba ya haradali yamechanua njano mpaka upeo, na kando ya nyumba mikate ya samadi imepangwa kama vihenge, ndiyo kuni zao. Tulinywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya udongo ambavyo ukimaliza unavivunja chini. Mimi changu nilikificha mfukoni. Tukasimama Abhaneri kuona kisima cha zamani sana, karne ya 8 au ya 9, kilichoshuka ghorofa 13 chini ya ardhi kwa ngazi zipatazo 3,500. Nilihesabu hadi mia mbili na kumi nikakata tamaa.

Jaipur penyewe, mji ulioanzishwa mwaka 1727 na Sawai Jai Singh wa Pili, kuna mahali paitwapo Jantar Mantar. Wenzangu walipata pale dakika ishirini za kupiga picha. Mimi ilibidi nitafutwe. Huyo mfalme alikuwa mpenzi wa nyota, akajenga vipimo vya mawe, na kikubwa kuliko vyote ni saa ya jua yenye urefu wa mita 27, kama ngazi inayokwenda mbinguni ikaishia njiani. Kivuli chake kinatembea kwa macho yako, kiasi cha milimita moja kwa sekunde. Unaweka kidole, unapumua mara tatu, kivuli kimekipita. Nikatoa saa yangu ya mkono kuilinganisha, kama nilivyozoea kulinganisha na saa ya stesheni. Haikuafikiana. Saa ya mawe ilikuwa nyuma kwa karibu nusu saa.

Mwongoza akanieleza: saa ya India nzima inafuata mstari ulio mashariki ya Jaipur, kwa hiyo jua la Jaipur huchelewa. Saa ya mawe haikosei, inasema saa ya pale pale. Nikachukua kalamu nikapiga hesabu ya kwetu. Saa tunayotumia Tanzania ni ya longitudo ya nyuzi 45. Tabora iko karibu nyuzi 33. Kila nyuzi dakika nne. Ndugu Mhariri, miaka yote nimepiga kengele ya saa sita mchana nikidhani jua liko utosini, kumbe kwetu Tabora hufika utosini saa saba kasoro dakika kumi hivi, na Kigoma saa saba imeshapita! Hakuna abiria aliyewahi kunilalamikia kwa hilo, ila nilikaa kwenye jiwe pale nikijiona mtu aliyesaini hati bila kuisoma.

Siku ya sita tukaenda Bagru, mji mdogo wa kijijini, kilomita thelathini hivi kutoka Jaipur. Njiani mwongoza alichukua kipaza sauti akasema neno ambalo sijawahi kumsikia mtu wa biashara akilisema: "Lile duka la mazulia la juzi nilipata kamisheni. Hapa sipati. Mkinunua, mnampa mwenye nguo." Tulipofika kwenye ua wa nyumba moja akakabidhi kazi kwa binti wa mwenye nyumba, mwanafunzi wa chuo, yeye akaenda kukaa nyuma kwenye kitanda cha kamba. "Hapa na mimi ni mgeni," akasema.

Bagru wanachapa nguo kwa mihuri ya mbao, kazi ya ukoo wa Wachhipa tangu mababu. Binti alitupeleka kwanza kwenye mapipa. Alipofunua la kwanza harufu ilinirudisha nyuma hatua mbili: vyuma chakavu vimelowekwa pamoja na kitu cheusi kinachonata, siku kadhaa mpaka vichachuke, ndio wino mweusi. Nikauliza kile kinachonata ni nini. Akasema, "Gur." Nikasema, "Sukari guru?" Akaenda ndani akarudi na kipande, nikalamba. Sukari guru, ile ile tunayonunua sokoni. Wale wa Durban walicheka mpaka wakakaa chini.

Baba yake alikuwa amesimama mbele ya meza ndefu. Anachovya muhuri kwenye trei, anauweka kitambaani, anaupiga mgongo kwa kisigino cha kiganja, tap! anauinua, anausogeza, tap! Nilikuwa naujua mlio ule: ndio mlio wa mashine yetu ya zamani ya kupiga tarehe kwenye tiketi za kadi. Muhuri mmoja unachapa pembe ya ua, mwingine shina, wa tatu rangi nyekundu ya ndani. Kisha wanapaka tope, tope kweli, la udongo na chokaa na gundi, wanalinyunyizia unga wa mbao likauke, ndipo nguo inazamishwa kwenye nili. Palipopakwa tope hapaingii bluu. Nikamfikiria mke wangu na kanga zake zilizotoka huko huko India, na sisi tunabishana juu ya jina lililoandikwa chini bila kuuliza nani aliyapanga yale maua.

Nilipewa muhuri nijaribu. Nilichapa sita. La nne lilipinda kama treni iliyoacha reli. Mzee yule hakucheka. Alilitazama, akachapa la saba mwenyewe likiwa limepinda kidogo kuelekea upande wa pili, na mstari mzima ukaonekana kama ulikusudiwa.

Na binti hakutuficha kitu. Alisema kazi ile inakula maji mengi na visima vinazidi kwenda chini. Alisema maji machafu ya rangi ni tatizo ambalo hawajalimaliza. Alisema viwanda vinaiga maua yao kwa mashine na kuuza kwa bei ambayo baba yake hawezi kuifikia, na kwamba kaka yake ameacha mihuri, anaendesha teksi Jaipur. Nilitegemea wageni watakunja sura. Badala yake ndipo walipoanza kuuliza maswali ya maana, na ndipo walipotoa pochi.

Jioni ile, hotelini, mama wa Durban aliniuliza: "Na kwenu Tabora, mgeni akija mnamwonyesha nini? Kuna Mhindi yeyote katika historia yenu?" Nikajibu miembe na asali. Haki ya Mungu, ndivyo nilivyojibu! Maneno yale yale ya msomaji wako.

Sasa niseme lile la joto la masikio. Miaka ile treni ya Kigoma ikichelewa, na ilichelewa, wageni walikwama stesheni kwangu siku nzima. Mara moja nilikuwa nje ya zamu, nikawachukua akina mama wawili wa Kidenmaki kwa teksi kwenda Kwihara kuiona nyumba aliyokaa Livingstone, yule msafiri wa Kizungu wa zamani. Njiani waliniuliza maswali na mimi sikuwa na majibu. Tulipofika, nikawaonyesha mwembe mkubwa nikasema, "Huu aliupanda Livingstone kwa mkono wake." Wakaukumbatia. Wakapiga picha. Wakanipa bahshishi nzuri. Tangu siku hiyo niliirudia hadithi ile kwa kila aliyekwama, na mwaka wa kustaafu kwangu nilimsikia kijana wa bodaboda akimsimulia mgeni mwembe ule ule, akiongeza kwamba Livingstone alikuwa akiumwagilia kila alipokuwa na huzuni.

Sikuambiwa na mtu. Niliitunga ndani ya teksi.

Lenye maandishi ni hili. Livingstone alikaa Kwihara kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Bila wapagazi hakuna msafiri aliyekwenda popote, na wapagazi hao wengi walikuwa babu zetu Wanyamwezi. Sijawahi kumsikia mtu yeyote, nikianzia na mimi, akianza ziara kwa kuwataja. Mhindi naye alikuwepo: Musa Mzuri, mfanyabiashara aliyekaa Kazeh, Tabora ya zamani hii hii, akampokea msafiri Mwingereza, Speke, nyumbani kwake. Mama wa Durban angefurahi kumjua. Alikuwepo Mtemi Isike, aliyepigana na Wajerumani mpaka Januari 1893, na ngome yake ilipoingiliwa akawasha baruti ajilipue. Ile njia ya kati ya watumwa na pembe, Kwihara ikiwemo hadi Ujiji, Tanzania ilishaipendekeza kwa UNESCO iwe urithi wa dunia tangu mwaka 2006. Na miembe yenyewe, ile ambayo tunaitaja kana kwamba ni aibu, asili yake ni huko India nilikotoka kutalii: ilivuka bahari, ikapanda bara na misafara. Msomaji wako akiutazama mwembe tena aukumbuke mwendo huo, na akumbuke pia waliopita chini yake wakiwa shingoni wana minyororo. Hilo nalo tulisimulie, kama binti wa Bagru alivyosimulia maji machafu.

Tangu Februari, kila Jumamosi, mimi na vijana watatu tunatembea kuanzia stesheni hadi Kwihara. Wageni bado hatuna, tunafanya mazoezi. Tunaanza saa saba kasoro dakika kumi, tumesimama juani tukitafuta vivuli vyetu. Nimenunua kidaftari cha jalada jekundu. Kina kurasa nane zilizojaa, na kurasa nyingi zaidi ambazo tunapepea mkono. Kama kuna mzee wa Itetemia, Kwihara au Urambo ambaye babu yake alibeba mzigo wa msafara, na ana jambo la kusimulia, atukute stesheni Jumamosi yoyote. Chai na matobolwa, viazi vitamu vyetu vikavu, nitatoa mimi.

Kwa sasa, Mhariri, naomba uchapishe sahihisho langu kwa herufi za kutosha: mwembe wa Kwihara haukupandwa na Livingstone, wala hakuumwagilia. Yule kijana wa bodaboda, ambaye ni mmoja wa wale watatu, nimemwambia ana kwa ana. Alisema amesikia, ila atafikiria kwanza, maana wageni wanaupenda.

Stesheni masta mstaafu,
Ng'ambo, Tabora